Toka Paris mpaka London

Paris ni mji mkuu wa Ufaransa, na London ni mji mkuu wa Uingereza. Kati ya nchi hizo mbili iko bahari nyembamba. Ukipima kwa mstari ulionyoka, toka Paris mpaka London ni kilometa 340 hivi.

Zamani msafiri alipanda treni mpaka pwani, akavuka bahari kwa merikebu, kisha akapanda treni nyingine. Bahari ikichafuka, alikawia.

Tarehe 25 Julai 1909, Mfaransa mmoja, jina lake Louis Blériot, aliruka na ndege ndogo karibu na Calais. Mguu wake uliungua, akatembea kwa magongo. Katikati ya bahari hakuona nchi kavu mbele wala nyuma, wala hakuwa na dira. Lakini hakurudi. Baada ya dakika 37 hivi alishuka Dover, Uingereza. Kabla yake hakuna mtu aliyevuka bahari hiyo kwa ndege ya mota. Mwaka wa 1919 ndege zilianza kuchukua watu kila siku kati ya London na Paris. Safari ilidumu saa mbili na nusu hivi.

Siku hizi ndege kubwa huweza kwenda kilometa 800 kwa saa moja. Mwanafunzi akifanya hesabu atasema: «Safari haitimizi nusu saa!» Hesabu yake ni sawa, lakini ndege hutumia saa moja na robo hivi. Kwa sababu gani? Kwanza hutembea polepole kiwanjani. Halafu hupanda juu, na karibu na London hupunguza mwendo ili ishuke. Huko ndege ni nyingi, pengine hungoja zamu yake ikizunguka angani. Tena upepo wa magharibi huvuma mara nyingi na kuizuia.

Hayo si yote. Viwanja vikubwa vya ndege viko mbali na katikati ya mji. Msafiri hufika huko mapema, hungoja mizigo yake na barua zake za njia zikaguliwe, kisha hupanda.

Treni haina mbio za ndege. Lakini tangu mwaka wa 1994 hupita katika njia iliyochimbwa chini ya bahari, yenye urefu wa kilometa 50. Hutoka mjini Paris na kufika mjini London kwa muda wa saa mbili na robo au zaidi kidogo. Hivyo mara nyingi mtu wa treni hufika mjini kwanza.

Tena, saa ya London iko nyuma ya saa ya Paris kwa saa moja, kama saa ya Kinshasa ilivyo nyuma ya saa ya Lubumbashi. Ndege ikitoka Paris saa nne asubuhi, hufika London saa nne na robo. Asiyejua atadhani imeruka robo saa tu!

Basi, anayetaka kujua urefu wa safari asihesabu kilometa peke yake. Ahesabu muda wote, tangu kutoka mlangoni kwake mpaka kufika aendako.

Maulizo

1. Blériot alipata shida gani katika safari yake?
2. Kwa nini ndege haifiki London kwa nusu saa?
3. Kwa nini mara nyingi mtu wa treni hufika mjini kwanza?
4. Ndege inatoka Paris saa nane mchana. Itafika saa ngapi kwa saa ya London?