SOMO: NANI ANALALA NA WATOTO?

Ndugu wanakamati, tunapotembelea makao ya watoto, kwa kawaida tunafika saa nne asubuhi. Sakafu imedekiwa, watoto wamepangwa mstari, wanaimba. Nawaomba mwende pia saa tatu usiku.

Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, liliungua usiku, na wasichana 12 wakafariki. Lile lilikuwa bweni la shule, lakini mabweni ya makao mengi yanafanana nalo: nondo madirishani, mlango mmoja, magodoro ya sponji. Sponji ikishika moto, moshi wake huweza kuua kabla miali haijafika kitandani.

Basi ulizeni: mlezi wa usiku ni nani, analala wapi, na ufunguo uko wapi? Katika makao mamoja niliyotembelea, ufunguo alikuwa nao mlinzi wa getini, naye alikuwa ameenda dukani.

Leseni iangalieni, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inaidai, ila msiishie hapo. Mkikuta ndoo ya haja ndogo bwenini, msiulize habari za usafi tu. Ulizeni kama mlango hufungwa kwa nje, hata watoto wakashindwa kwenda chooni.

Nanyi wafadhili wetu, vitanda na rangi mmetoa, tunashukuru. Mshahara wa mlezi wa pili wa usiku haupigwi picha, ndiyo maana kila mwaka unakatwa kwenye bajeti. Safari hii tungependa uwe mstari wa kwanza.