Kingo za mto: nani ataacha tuta lake?

Somo letu ni juu ya kingo za mto.

Hapa Ruashi, kiangazi kikifika, toka mwezi wa tano mpaka wa kumi, wengi wetu tunashuka kulima mboga karibu na mto, kwani ni kule maji yanabakia. Kila mwaka tuta la lengalenga linasogea kidogo, mpaka jembe linafika majini. Mvua kubwa zikianza, ukingo unabomoka, udongo mzuri unaenda, mto unajaa mchanga. Kisha tunashangaa kuona maji yamepungua.

Kukataza peke yake hakutoshi. Mutu anajibu: "Huku ni kwangu, nani atanikataza?" Tuangalie wavuvi wa Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya. Samaki walipopungua juu ya kuvua kupita kiasi, wavuvi wenyewe walikubaliana, mwaka 2005, kufunga sehemu ya bahari, karibu hekta 30. Samaki wakaongezeka mule ndani, wengine wakatoka nje ya mpaka, pale watu wanaruhusiwa kuvua. Sehemu iliyofungwa ikawa akiba ya wote.

Sisi hatuna bahari, lakini ukingo nao unaweza kuwa akiba. Tufanye hivi:

1. Tutembee ukingoni pamoja na shefu wa kartie na kila mwenye tuta. Bamama wanaolima huko wasipokuwepo, mkutano ni bure.

2. Tuulize kwanza: nani atapoteza tuta? Huyo apewe lingine, mbali na maji, kabla ya kuweka mpaka. Asipopewa, atarudi na jembe, na nani atamlaumu? Ana watoto wa kulisha.

3. Mvua ikianza, tupande majani ya vetiva kwenye mpaka, shina moja kila sentimita 10 mpaka 15. Mizizi yake inashuka hata mita 2 au 3, inashika udongo.

4. Tuchague watu wawili watatu wa kupita kila wiki, na tuandike adhabu ambayo wote wameikubali.

Tusidanganyane: vetiva inazuia udongo, lakini tusiitegemee kuondoa sumu ya madini iliyo ndani ya maji. Pale maji yanatoka upande wa mgodi, tuombe yapimwe kabla ya kumwagilia mboga.

Kwenye mkutano unaokuja, tuanze na swali la namba 2. Hilo ndilo gumu. Likipata jibu, mengine yatafuata.