SOMO LA FAMILIA: Tunachotupa Mlangoni Ndicho Bustani Inachohitaji

Maandiko ya kusoma pamoja kabla ya somo: Yohana 6:5-13, Yeremia 29:4-14



Sisi wa Kawale tunalijua jina hili mara mbili. Kuna Kawale ya Lilongwe, ambako wengi wetu tulikuwa na vibanda vyetu vya biashara, na kuna Kawale ya hapa Dzaleka, ambako tunalala sasa. Amri ilipotoka mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, baadhi yetu tulifika hapa na magodoro, sufuria na watoto, basi. Jirani walitupokea. Wengine walitupa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba viwili, na hilo hatutalisahau.

Tangu hapo tumejifunza mambo ya nyumbani ambayo mjini hatukuyajali, kwa sababu pesa ya duka ilikuwa inaingia kila siku. Leo tunataka kuyaweka hapa kwa utaratibu, ili anayeanza sasa asirudie makosa yetu.

HALI YETU

Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tunazidi 50,000. Kwa hiyo anayesema hakuna mahali pa kulima anasema kweli. Msaada wa chakula nao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Mnamo Novemba 2023 thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 44, na kila mama aliyekwenda sokoni wiki ile alijua bila kusoma gazeti.

Lakini kuna jambo lingine zito, nalo liko moyoni. Tulipoanza kuzungumza habari ya bustani katika kikundi chetu, tulisikia maneno mawili. Baba mmoja alisema: "Mimi ni mtu wa biashara, si mkulima." Mama mmoja akasema: "Nikipanda hapa, ni kama nimekubali kwamba nitazeekea hapa." Alilia aliposema hivyo, na hakuna aliyemkemea, maana wengi wetu tulikuwa na neno hilo hilo ndani yetu.

Tukasoma barua ya Yeremia kwa watu waliohamishwa Babeli. Nabii anawaambia wajenge, wapande bustani na kula mazao yake. Kisha, katika barua hiyo hiyo, mistari michache mbele, anawapa ahadi ya kurudi kwao. Bustani na ahadi ya safari viko kwenye barua moja. Kupanda mboga hakufuti tumaini la mtu. Tena mboga tutakazozitaja hazidai uamue maisha yako yote. Zinadai wiki chache tu.

SEHEMU YA KWANZA: TUANGALIE KINACHOTOKA NYUMBANI

Kabla ya kushika jembe, chukueni daftari. Kwa siku saba andikeni kila kwacha inayotoka, hata ya chumvi na ya kiberiti. Baba na mama waandike pamoja, bila kushtakiana. Sisi tulipofanya hivyo tuliona mambo matatu.

1. Unga. Wengi tunapenda unga mweupe. Lakini mahindi yakikobolewa, pumba inabaki mashineni, na sehemu ya chakula tulichonunua inabaki nayo. Mahindi yale yale yakisagwa yote, kuwa unga ule ambao Wamalawi wanauita mgaiwa, ndoo moja inatoa unga mwingi zaidi, nao una nguvu zaidi mwilini. Watoto watalalamika wiki ya kwanza. Baadaye watazoea.

2. Makaa. Maharage makavu yanakula makaa kuliko chakula kingine chote. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga maji yale, pika kwa maji mapya na ufunike sufuria. Yakisha kuchemka kwa nguvu kama nusu saa, ondoa sufuria motoni bila kuifunua, iweke ndani ya kikapu au sanduku lenye nguo kuukuu, na uifunike kwa blanketi pande zote. Joto litaendelea kuyaivisha saa kadhaa bila makaa. Kabla ya kula yachemshe tena mpaka yaive kabisa. Usiyaweke kikapuni kabla hayajachemka vizuri, maana maharage mabichi yanaumiza tumbo vibaya.

3. Kununua kidogo kidogo. Mafuta ya vifuko vidogo yanaonekana rahisi, lakini ukikusanya vifuko vya mwezi mzima utaona umelipa zaidi ya bei ya chupa kubwa. Tatizo ni kupata pesa ya chupa kwa mara moja. Hapo ndipo ndugu watatu au wanne wanunue chupa moja na kugawana kwa kipimo. Sisi tunajua likirimba, Wanyarwanda wanajua ibimina, na wenyeji wana banki mkhonde yao. Njia ni ile ile: watu wanaoaminiana wanaweka kidogo pamoja. Anzeni na watu wachache, na kila senti iandikwe mbele ya wote.

Sasa angalieni pia vile visivyo pesa: maji ya kuoshea vyombo, maganda ya ndizi na viazi, majivu ya jikoni, gunia lililochakaa. Vyote hivi tulikuwa tunavitupa mlangoni. Bwana Yesu, ambaye alikuwa amelisha maelfu kwa muujiza, bado aliwaagiza wanafunzi wakusanye yaliyobaki, wakajaza vikapu 12. Kama yeye hakudharau mabaki, sisi ni nani?

SEHEMU YA PILI: BUSTANI YA GUNIA

Ndugu zetu wa Rwanda wanajua akarima k'igikoni, bustani ndogo ya karibu na jiko. Kule Kibera, Nairobi, kwa watu wasio na ardhi kabisa, kilimo cha gunia kilienea sana baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007. Gunia linasimama mahali pa kiti kimoja, lakini linapandwa juu na ubavuni pia. Fanya hivi:

1. Tafuta gunia la kilo 50. Lisiwe lililobeba dawa za kuulia wadudu. Kama lilibeba mbolea ya dukani, lifue vizuri.

2. Changanya udongo madebe mawili na samadi iliyooza debe moja. Kama udongo ni mzito na unashikana kama wa matofali, ongeza mchanga.

3. Weka gunia mahali linapopata jua nusu ya siku au zaidi. Ukishalijaza hutaweza kulihamisha.

4. Chukua kopo kubwa lililokatwa juu na chini, lisimamishe katikati ya gunia na ulijaze mawe madogo. Zungushia udongo pande zote mpaka ulingane na kopo. Kisha vuta kopo juu, mawe yabaki, na ujaze tena. Endelea hivyo mpaka karibu na mdomo wa gunia. Nguzo hii ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji yanabaki juu na mimea ya chini inakauka.

5. Mwagilia, acha siku mbili au tatu udongo ushuke, kisha toboa matundu ubavuni. Liwepo nafasi ya shibiri moja kati ya tundu na tundu, na tundu la chini lisiwe moja kwa moja chini ya la juu.

SEHEMU YA TATU: TUPANDE NINI?

Anayeanza asianze na nyanya, zina magonjwa mengi. Aanze na hizi:

Lengalenga, ambayo Watanzania wanaiita mchicha na wenyeji bonongwe. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize juu ya gunia. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Usiing'oe, kata ncha, nayo itachipua tena. Acha mche mmoja uzeeke na kutoa mbegu. Mche huo mmoja utakupa mbegu za kupanda tena na za kumpa jirani. Na siku ya kuondoka, mbegu za lengalenga zinaingia katika kona ya leso.

Matembele, yaani majani ya viazi vitamu. Hayahitaji mbegu, omba kipande cha mti wake kwa jirani, chenye vifundo vitatu au vinne, ukichomeke katika matundu ya chini.

Rapu. Otesha miche kwanza katika beseni bovu, na baada ya kama mwezi uihamishie ubavuni mwa gunia jioni, jua likiwa limepoa. Chuma majani ya chini, acha ya juu yakue.

Mvua zetu ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo shida ni maji kuzidi, basi toboa chini ya gunia. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni ukavu, na Juni na Julai baridi inachelewesha mimea. Usikate tamaa ukiona lengalenga imesimama.

Kuhusu maji, hatusemi mtu apange foleni ya pili kisimani kwa ajili ya mboga. Tumia maji ya kuoshea vyombo na ya kunawia. Yamwage kwenye nguzo ya mawe, si juu ya majani. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, yenye mafuta mengi, au yaliyofulia nepi za mtoto yasiende kwenye mboga. Kamwe tusitumie uchafu wa chooni. Tunakumbuka kipindupindu kilichoanza mwaka 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700 hapa Malawi. Mboga ioshwe kwa maji safi na ipikwe.

SEHEMU YA NNE: MAKOSA YETU

Gunia letu la kwanza lilikufa lote. Tuliweka mavi ya kuku mabichi tukidhani nguvu ikizidi ndiyo vizuri. Miche ikaungua majani ndani ya siku chache. Mavi ya kuku yaachwe yaoze miezi miwili au mitatu pamoja na maganda na majani makavu. Majivu nayo ni mazuri, lakini konzi moja moja, si ndoo.

Gunia la pili lililiwa na kuku wa jirani katika asubuhi moja. Mmoja wetu aliokota jiwe. Ilikaribia kuwa ugomvi mkubwa kati ya nyumba mbili zinazosali pamoja. Tulikwenda jioni, tukaketi, tukazungumza. Jirani alileta miiba ya kuzungushia, na sisi sasa tunampelekea mboga. Wapendwa, mboga zitaota tena kwa mwezi mmoja, lakini ujirani ukivunjika unachukua miaka.

Tuseme ukweli pia: gunia halilishi nyumba. Unga bado utanunuliwa. Lakini tuseme familia inanunua fungu la mboga la kwacha 500 kila siku. Kwa siku 30 ni kwacha 15,000. Magunia mawili au matatu yakikupa mboga nusu ya siku hizo, umebakiwa na kwacha 7,500. Weka bei ya soko lako na uhesabu mwenyewe. Pesa hiyo isimezwe na matumizi mengine. Iandikwe katika daftari, na iwe na kazi yake: daftari za watoto, sabuni, au mchango wa kikundi.

Yule mama aliyelia, mlangoni pake sasa pana magunia mawili. Hajaacha kuomba safari yake. Juma lililopita alimpa mbegu mama mwingine aliyefika kambini karibuni, akamwonyesha jinsi ya kuzichanganya na mchanga.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika siku saba zilizopita, ni kitu gani tulichonunua ambacho tungeweza kukiacha?
2. Tunatupa nini mlangoni ambacho bustani inakihitaji?
3. Je, kuna neno moyoni linalotuzuia kupanda hapa? Tuliseme mbele ya wenzetu.
4. Ni jirani gani ambaye kuku wake, maji yake au kelele yake imetutenga naye? Nani ataanza kwenda kwake?

KAZI YA JUMA HILI: Kila nyumba ianze daftari. Mwenye mbegu za lengalenga azilete Jumapili, hata kijiko kimoja, tugawane baada ya ibada.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu, na awakumbuke wote walio mbali na kwao. Amina.