Somo la Jikoni: Saladi ya Tambi Baridi

Katika darasa letu la Kiingereza yupo mama mmoja Mkorea aliyezaliwa Uzbekistan. Siku ya kila mtu kuleta chakula cha kwao, alileta bakuli la tambi baridi zenye karoti, tango na kitunguu saumu. Chakula hicho kinaitwa funchoza. Nikamwuliza, "Korea mnakipika hivi?" Akacheka. "Korea sijawahi kufika."

Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwapakia kwenye treni Wakorea wapatao 172,000 waliokuwa wakiishi mashariki ya mbali ya Muungano wa Kisovieti, ikawapeleka kwa nguvu Kazakhstan na Uzbekistan. Wengi walikufa njiani na katika majira ya baridi ya kwanza. Huko, kabichi ya Kichina ya kutengenezea kimchi ilikuwa adimu, lakini karoti zilikuwapo. Wakazikata nyembamba kama uzi, wakatia siki, saumu, pilipili na mbegu za giligilani. Hiyo ndiyo saladi ya morkovcha, na funchoza ni ndugu yake. Leo majirani zao nao huzinunua sokoni.

Mahitaji (watu 4)
- Tambi za wanga wa choroko au viazi, gramu 200 (tafuta duka la Waasia)
- Karoti 2, tango 1, pilipili hoho 1
- Saumu punje 3, pilipili ya unga kidogo
- Mbegu za giligilani zilizotwangwa, kijiko kidogo 1
- Siki na sosi ya soya, vijiko vikubwa 2 kila kimoja
- Mafuta, vijiko vikubwa 4
- Chumvi

Namna ya kupika
1. Iva tambi kwa maji moto kama pakiti inavyoelekeza. Zisuuze kwa maji baridi, zichuje, zikate kwa mkasi.
2. Kata mboga nyembamba. Tia karoti chumvi na siki, ziache dakika 15.
3. Weka saumu, giligilani na pilipili juu ya karoti. Pasha mafuta, yamwagie hapo juu.
4. Changanya vyote na sosi ya soya. Weka kwenye friji saa moja, kisha kula.

Tulipofika nchi hii, mama yangu aligoma kupika sombe kwa sababu majani mabichi hayakupatikana. "Ya kwenye friza si sombe," alisema. Alikuwa akingojea majani ya nyumbani. Miaka ikapita, na mdogo wetu wa mwisho akakua bila kuijua ladha yake. Mwaka huu nimempelekea mama pakiti ya sombe ya friza, nikamsimulia habari za karoti za Wakorea. Alinyamaza, kisha akaomba sufuria.

Zoezi la nyumbani: Ni chakula gani mmeacha kupika kwa kukosa kitu kimoja? Kitu gani cha dukani hapa kinaweza kushika nafasi yake? Kipikeni wiki hii, na watoto wawe jikoni.