Aliyetoweka bado ana haki zake

 

Ndugu msomaji, katika mlango wa mirathi yuko mtu mmoja ambaye sisi walimu humpitia haraka haraka. Si maiti ili arithiwe, wala hayupo mbele yetu ili akabidhiwe chake. Mafakihi wanamwita mafqud, yaani mtu aliyetoweka na haijulikani kama yu hai au amekufa. Kila ninapofundisha mlango huu, wanafunzi waliotoka mikoa ya mpakani ndio wenye maswali mengi zaidi. Kwao si jambo la vitabuni. Wanazijua nyumba ambazo kijana wa miaka kumi na minne au kumi na sita alitoka asubuhi, na mpaka leo hakuna maiti, hakuna kaburi wala barua.

Hebu tuanzie Rusumo, wilayani Ngara, mkoani Kagera, mahali ambapo daraja juu ya maporomoko ya mto Kagera linaunganisha Tanzania na Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka hapo katika muda wa saa 24 hivi. Wakapiga kambi Benaco, na kwa siku chache tu pori la Ngara likawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi ya wakati ule. Katika msafara ule watoto walipotezana na wazazi. Wengine waliponyokwa mkono kwenye msongamano, wengine walikimbia peke yao tangu kwao, na wengine wazazi wao walikuwa wameshauawa. Na mto huohuo ulikuwa ukipitisha maiti hadi Ziwa Victoria, ambako watu wa upande wa Uganda waliziopoa na kuzizika bila kujua ni nani na ametoka wapi.

Sasa jiulize. Mama aliyekaa Benaco mwaka ule, mwanawe hayupo, na habari za mtoni anazisikia, angeambiwa nini? Jepesi lilikuwa kumwambia kwamba mwanao ni katika wale walioonekana mtoni, tusome dua, yaishe. Lakini waliofanya kazi ya kuunganisha familia hawakwenda kwa dhana. Mashirika kama Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF na Save the Children waliandikisha watoto waliotengana na familia zao katika ukanda wote wa Maziwa Makuu, na idadi yao ilizidi laki moja. Wadogo wasiojua hata majina ya baba zao walipigwa picha, na picha zikabandikwa watu wapite wazitazame. BBC nayo, mwaka huohuo wa 1994, ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, maana yake chenye kuunganisha familia, ambayo yalisaidia watu kutafutana. Maelfu kwa maelfu ya watoto walirudi kwa watu wao kwa njia hizo. Wapo pia ambao hawakuonekana kamwe, na Desemba 1996, wakimbizi waliporudishwa Rwanda kwa kuvuka daraja lilelile, wako wazazi waliovuka wakiwa pungufu ya walivyokuja.

Somo la kwanza tunalolipata hapo ndilo msingi wa sharia yetu juu ya mafqud. Kanuni ya fiqhi inasema kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kijana huyu tulimjua kwa yakini kuwa yu hai siku aliyoondoka. Kifo chake ni shaka. Basi kisharia anahesabiwa yu hai mpaka upatikane ushahidi wa kifo, au upite muda ambao mtu kama yeye haishi zaidi yake na kadhi akahukumu hivyo. Huu ndio msimamo wa madhehebu ya Imam Shafii katika mali, madhehebu ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata. Kuhusu mke aliyepotelewa na mume, imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik hukumu ya Sayyidna Umar (RA) kwamba asubiri miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Lakini hiyo ni rehema kwa mke asibaki ananing'inia. Mali ya aliyetoweka haigawanywi kwa sababu tu ndugu wamechoka kungoja.

Hapa ndipo penye mtihani. Tuchukue mfano. Mzee amefariki huko Ngara, ameacha shamba la ekari 24. Warithi ni mke, binti mmoja, mtoto wa kiume aliyetoweka akiwa na miaka kumi na mitano, na ndugu wa marehemu wa baba na mama. Ikiwa kijana yu hai, mke anapata thumni, yaani ekari 3, binti ekari 7, kijana ekari 14, na baba mdogo hana kitu kwa kuwa mtoto wa kiume anamzuia. Ikiwa kijana alikufa kabla ya baba yake, mke anabaki na ekari 3, binti anapata nusu ambayo ni ekari 12, na baba mdogo anachukua ekari 9 zilizosalia.

Sharia inafanyaje? Kila aliyepo anapewa kile kidogo ambacho ni chake kwa hali zote mbili. Mke atapewa ekari 3, binti atapewa ekari 7, baba mdogo hatapewa kitu, na ekari 14 zitawekwa amana. Kijana akirudi, anazikuta. Ikithibitika alikufa kabla ya baba, binti ataongezewa 5 na baba mdogo atachukua 9. Ikithibitika alikufa baada ya baba, ekari 14 ni zake na zitagawanywa kwa warithi wake yeye.

Umeona ndugu yangu? Mtu mwenye haraka ya kutangaza kwamba kijana amekufa ni yule ambaye kifo hicho kinampatia ekari 9. Sisemi kila baba mdogo ana nia hiyo, Allah atuepushe na dhana mbaya. Wako wengi waliowalea watoto wa ndugu zao kuliko wanao. Ninachosema ni kwamba sharia haikuacha mlango wazi ili moyo wa mtu ujaribiwe. Kwa hiyo familia inapokwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, jina la aliyetoweka liandikwe katika orodha ya warithi, na msimamizi aulizwe fungu lake liko wapi. Kulifuta jina lake bila ushahidi ni kula mali ya mtu ambaye hawezi kujitetea.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Ustadhi, je, tunaweza kumswalia swala ya ghaibu na kumfanyia khitma ili nyumba itulie?" Nilimjibu kwamba swala ya ghaibu huswaliwa maiti aliye mbali, na huyu hatujui kama ni maiti. Dua haina kikwazo, kwani Muislamu huombewa akiwa hai na akiwa amekufa. Basi muombeeni Allah amhifadhi na amrudishe. Msimzike kwa midomo.

Hatari nyingine ni ramli. Kanda ya Ziwa tumeona balaa yake. Mtu akipotea, familia inakwenda kwa mpiga ramli, naye anamtaja jirani, mara nyingi kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, na damu inamwagika. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, hasa kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini kwetu Waislamu marufuku hiyo ni ya tangu zama za Mtume (SAW), aliyetufundisha kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo haikubaliwi swala yake siku arobaini. Hadithi hiyo ameipokea Imam Muslim. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 6 na ya 12, inatutaka tuhakikishe habari na tujiepushe na dhana.

Badala ya ramli, tutafute. Mtume (SAW) ameamrisha kwamba aliyeokota mali ya mtu aitangaze mwaka mzima. Ikiwa mfuko wa pesa una haki ya kutangazwa mwaka, mwana wa Adam je? Kuna wanaosita kutangaza mtoto aliyepotea kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa sababu ya hadithi inayokataza kutafuta kilichopotea ndani ya msikiti. Wako wanachuoni wa zama zetu waliobainisha kwamba katazo hilo ni la mali, ama roho ya mtu ni dharura. Anayetaka kujitoa katika hitilafu atangaze mlangoni au uwanjani, lakini atangaze. Kisha aende polisi siku hiyohiyo, asingoje kesho, achukue namba ya taarifa yake na picha ya mtoto. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa mtoto, na Chama cha Msalaba Mwekundu mpaka leo kinasaidia kutafuta jamaa waliopotezana.

Ndugu zangu wa mijini, msidhani somo hili ni la watu wa Ngara na Biharamulo peke yao. Someni Sura Yusuf kwa makini. Nduguze walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, naye Nabii Yaaqub (AS) hakuupokea ushahidi ule. Alisubiri subira njema. Na miaka mingi baadaye, katika aya ya 87, bado anawaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Subira yake haikuwa kukaa kimya.

Na Yusuf alikuwa wapi? Hakuwa tumboni mwa mbwa mwitu. Wasafiri walimuokota, wakamuuza kwa thamani ndogo, akawa ndani ya nyumba ya mkubwa mmoja wa Misri, akitumika. Kijijini analiliwa, mjini anatumwa.

Leo malori na mabasi yanatoka Rusumo yakipita Benaco, Nyakahura, Nyakanazi na Kahama mpaka Dar es Salaam. Kijana aliyerubuniwa kwamba kuna kazi mjini anaweza kuwa katika nyumba yoyote. Huyo msichana anayekupikia futari, aliyeletwa na mtu ambaye naye aliletewa, unamjua baba yake? Ana umri gani? Mara ya mwisho aliongea lini na mama yake? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na ipo sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Lakini hata zisingekuwepo, Siku ya Kiyama utaulizwa juu ya uliowachunga.

Basi leo, kabla hujalala, muulize jina la kijiji chake na jina la mama yake, kisha mpe simu apige. Kama hana namba, anzia kwa mwenyekiti wa kijiji au imamu wa msikiti wa huko. Huenda nyumba iliyokuwa ikibishana kama igawe ekari 14 au isigawe ikapata jibu lake.

Tunamuomba Allah (SW) awarudishe waliopotea, awape subira wanaowangoja, na atujaalie kuwa waaminifu wa amana za wasiokuwepo. Wabillahi tawfiq.