Ni 2025 au 1446?



Nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu huku Mbagala, kila Jumapili baada ya Misa ya pili. Januari ya mwaka wa Jubilei, binti mmoja wa darasa la nne alikuja amenuna. Rafiki yake wa jirani, wanayecheza naye rede, alimwonyesha kalenda ya ukutani kwao: mwaka 1446. Wakaitana waongo, na tangu Ijumaa hawasemeshani. "Mwalimu, mwambie ni 2025!"

Nusura nimjibu kwamba ya kwetu ndiyo sahihi, basi. Nikachukua chaki, nikachora mstari mrefu kwenye sakafu. Katikati nikaweka msalaba, Kuzaliwa kwa Kristo. Kulia B.K., kushoto K.K., na huko kushoto namba zinakua kadiri unavyorudi nyuma. Nikasimamisha mtoto mmoja mwaka 5 K.K., mwingine 5 B.K. Kati yao miaka mingapi? "Kumi!" Hapana, tisa. Hakuna mwaka sifuri. Ukitoka 1 K.K. unaingia 1 B.K. (Mwaka uliopita mimi mwenyewe niliwafundisha kumi. Niliwaomba radhi.)

Kisha alama nyingine kwenye 622, mwaka ambao Mtume Muhammad alihama Maka kwenda Madina. Waislamu wanaanza kuhesabu hapo. Toa 622 kwenye 2025, inabaki 1403. Binti akaruka: "Umeona! Siyo 1446!"

Subiri kwanza. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, una siku 354 au 355, pungufu ya wetu kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani inawahi kila mwaka. Sisi tukimaliza miaka 33, wenzetu wamemaliza 34. Kwa miaka 1403 wametuzidi kama 43. Jumlisha mwenyewe.

"Kumbe mwezi ni wa kwao, jua la kwetu," mvulana mmoja akasema. Aa, na Pasaka je? Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Mwezi ni wetu pia.

Lililobaki nilisita kulisema. Aliyepanga hesabu ya miaka ya Kristo ni mtawa Dionysius, kule Roma, mwaka 525. Mathayo anasema Yesu alizaliwa enzi za Herode, na wataalamu wengi wanasema Herode alikufa mwaka 4 K.K. Yaani mtawa wetu alikosea miaka michache. Niliogopa watoto wataona kwamba kama namba si sahihi, basi hata Betlehemu ni hadithi tu. Nikawaambia hivyo hivyo. Wakanyamaza. Binti akauliza, "Kwa hiyo Jubilei tumechelewa?"

Tulicheka wote. Akaomba kipande cha chaki aende nacho.

Jioni nilipita mtaani kwao. Barazani kuna mstari mrefu, rafiki yake amesimama pale kwenye 622, na wanabishana tena. Safari hii ni kuhusu sifuri.