Samaki wa Tangi Safarini: Somo la Amana



Ndugu zangu wanafunzi, mwenzetu mmoja aliyehitimu amerudi kwao Rusizi na kuniachia samaki wake 20 wa aina ya gapi. Likizo hii nitampelekea kwa gari, kutoka Nyamirambo hadi Kamembe. Samaki hawa ni amana, tena amana inayopumua. Nimeona tusome pamoja namna ya kuifikisha salama.

Msingi wa jambo

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie chakula. Samaki wa tangi yuko katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa hana mto wa kukimbilia. Vilevile tunayo habari ya Abu Umayr, mtoto aliyefuga ndege mdogo. Mtume (S.A.W.) alizungumza naye kwa upole na hakumkataza kufuga. Wanachuoni wakaelewa kwamba kufuga kunaruhusiwa, kwa sharti la kumtunza mnyama.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, safari ni lazima? Ukienda nyumbani kwa siku chache tu, waache. Samaki wakubwa wenye afya huvumilia siku kadhaa bila chakula kuliko wanavyovumilia barabara.

Kinachowaua njiani

Mambo ni matatu. La kwanza ni kukosa hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na mahali pa juu hubeba kidogo zaidi. Hapa Kigali, kwenye mita zipatazo 1,500, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na pwani. La pili ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. La tatu ni badiliko la ghafla la joto.

Chombo

Katika nchi nyingi wauzaji hutumia mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Kwetu Rwanda sheria ya mwaka 2008 ilipiga marufuku mifuko hiyo, na ya mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja. Basi tutumie ndoo yenye kifuniko, ambayo haijawahi kutiwa sabuni wala rangi. Ndoo ya lita 20 itiwe maji lita 10 tu, ili uso wa maji upate hewa. Gapi mmoja kwa lita moja panatosha, kwa hiyo samaki wangu 20 watahitaji ndoo mbili. Toboa matundu madogo kwenye kifuniko na upitishe mpira wa pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Chukua betri za akiba.

Usisafirishe tangi likiwa na maji. Maji yakiyumba, maungio ya kioo huachia.

Maandalizi

1. Acha kuwalisha saa 24 kabla ya safari. Tumbo tupu halichafui maji, na hapo amonia inakuwa kidogo.
2. Jaza ndoo kwa maji ya tangi lao wenyewe. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini, nayo huunguza mashavu ya samaki.
3. Usiweke mawe ndani ya ndoo, yatawaponda.
4. Sponji ya kichujio ifungwe kwenye chombo chenye maji ya tangi, isikauke. Bakteria wanaoivunja amonia wanaishi humo.
5. Chukua dumu la pili la maji ya tangi, ili ubadilishe sehemu ya maji njiani ikiwa yamechafuka.

Barabarani

Ondokeni baada ya Alfajiri, jua likiwa bado. Ndoo zikae sakafuni nyuma ya viti, zimefunikwa kwa kitambaa, kwani giza huwatuliza samaki. Mkisimama Huye kwa chai, gari liwe kivulini na vioo viachwe wazi kidogo. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupanda haraka sana.

Baada ya Nyamagabe mnaingia Nyungwe, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,000 na baridi ni kali. Gapi hupenda nyuzi 24 hadi 28. Zungushieni ndoo blanketi, na mweke kando yake chupa ya maji ya uvuguvugu. Maji ya moto yasimiminwe ndani ya ndoo kamwe. Dereva aende taratibu kwenye kona. Samaki wakipanda wote juu na kuhema kwa midomo, hewa imepungua: kagueni pampu mara moja.

Mkifika

Elezeni chombo kidogo chenye samaki ndani ya tangi jipya kwa dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Kisha ongezeni maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa. Wahamisheni kwa kimia, na maji ya safari yamwagwe bustanini. Taa zizimwe, na chakula kingoje kesho.

Tahadhari ya mwisho

Kamembe iko kando ya Ziwa Kivu. Mtu akichoka kufuga, asiwamwage ziwani akidhani amewapa uhuru. Isambaza tunaowala waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wamelisha watu wengi. Lakini sangara aliyepandwa Ziwa Viktoria katika miaka hiyo hiyo amechangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Aliyechoka kufuga ampe mtu mwingine atakayewatunza.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Mwenye samaki akikwambia, "Wakifa si neno," je, wajibu wako umepungua?
2. Ni mnyama gani mwingine tunayembeba kwa gari bila kufikiria pumzi yake? Anzeni na kuku na mbuzi wa Idi.